Hadithi za Visiwani na Lugha Zinazozisimulia: Kutoka Maji ya Sengerema hadi Kaledonia Mpya

Katika maji ya Sengerema, upande wa kusini wa Ziwa Victoria, vimo visiwa vya Kome na Maisome, na mbele yake kaskazini mashariki chaonekana Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hilo. Watu wa pwani na visiwa hivyo ni Wazinza, Wakerewe, Wajita na Wasukuma, na katika soko moja la samaki lugha zao zote zaweza kusikika kabla jua halijapanda. Guthrie aliziweka Kizinza, Kikerewe na Kijita katika kundi moja, namba 23, 24 na 25 za kanda yake ya E. Kisukuma akakiweka mbali, F21. Juu ya lugha zote hizo kimetandazwa Kiswahili, lugha ya shule, ya baraza, ya mizani na ya bei. Mvuvi wa Kome hahitaji mfasiri ili kuuza sangara wake. Lakini asimuliapo jinsi babu yake alivyovuka maji katika dhoruba, asimulie kwa lugha gani?

Swali hilo ni la zamani, na limepata sura mpya katika miaka hii kwa sababu ya chombo ambacho wataalamu wa lugha hawakukizoea, yaani mchezo wa video, ambao vijana wa Tanzania huuita kwa ufupi gemu. Michezo miwili yahusika hapa. Wa kwanza, Tchia, ulitoka mwaka 2023, nao wasimulia visiwa vya Bahari ya Pasifiki kwa lugha ya wenyeji wa huko. Wa pili, Tales of Kenzera: ZAU, ulitoka mwaka 2024, nao waweza kuchezwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti za Kiswahili. Ili kupima uzito wa jambo hili, yafaa kwanza kurudi nyuma karibu miaka mia moja, maana hadithi ya bahati nasibu visiwani si mgeni katika maandishi ya Kiswahili.

Ilikuja kwa njia ya tafsiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Frederick Johnson, ambaye mwaka 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, alifasiri kwa ajili ya shule hadithi kadhaa za Kiingereza. Miongoni mwake kilikuwamo Kisiwa chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1883. Vizazi vya watoto wa Tanganyika, Kenya na Unguja walijifunza kuwa kisiwa cha hadithi kina ramani, kina hazina iliyofukiwa, na kina mabaharia wa Kizungu wanaouana kwa ajili yake. Wenyeji hakuna. Kisiwa cha Stevenson ni kitupu, isipokuwa mtu mmoja aliyeachwa huko na wenzake. Ni jambo la kufikirisha kwamba Stevenson mwenyewe alikwenda baadaye kukaa Samoa, akaishi kati ya watu wa Pasifiki, na akafia huko mwaka 1894. Lakini kitabu kilichofika Afrika Mashariki ni kile alichokitunga kabla hajawaona.

Kiswahili cha Johnson kilikuwa kizuri, tena kilisaidia sana kukita usanifu wa lugha. Haifai kumlaumu kwa kuchagua hadithi zilizopendwa na wakati wake. Ila ni kweli kwamba kwa njia hiyo msomaji wa Kiswahili alizoezwa kuona visiwa kwa jicho la mtu apitaye, ambaye hushuka, huchukua, na kuondoka zake.

Wakati vitabu hivyo vikisomwa shuleni, katika Ukerewe alikuwako mtu aliyekuwa akitunga hadithi ya namna nyingine. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, akafanya kazi za misheni kisiwani kwake. Alipomaliza kitabu chake mwaka 1945 alikuwa amekiandika kwa Kikerewe. Ni hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao hawakujaliwa mtoto, na jinsi mke alivyorudishwa kwa wazazi wake, na mume akalazimika kumfuata na kumgomboa kwa pombe ya ndizi na kwa uvumilivu. Kisha ni hadithi ya watoto wao waliopatikana baada ya matibabu ya mganga, Ntulanalwo na Bulihwali. Lakini atakayesema kwamba hayo ndiyo yote hakukisoma kitabu. Mtungaji hasongi mbele kwa haraka. Humchukua msomaji njiani, humsimamisha kila wanaposalimiana watu, humwonyesha jinsi ya kulima, ya kutega, ya kuvua, ya kutengeneza pombe, ya kuzika. Njia ya kutoka kijiji kimoja mpaka kingine yaweza kuchukua kurasa kadhaa, na hakuna anayejuta kuipita.

Kikerewe hakikupata mpiga chapa. Watu wa lugha hiyo ni wachache, na waliosoma wakati ule walikuwa wachache zaidi. Mwishowe Kitereza, akiwa mzee, alikifasiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa na Tanzania Publishing House kikiwa na mwaka 1980. Kati ya kukimaliza na kutolewa kwake ilipita miaka 35. Mtungaji alifariki mwaka 1981, na yasimuliwa kwamba hakuwahi kukishika mkononi kitabu kilichopigwa chapa.

Kwa hiyo, katika eneo hili la ziwa, hadithi ya kisiwa ilikuwa na milango miwili tu. Ama iingie katika Kiswahili kutoka ng'ambo, ama itoke katika lugha ya kisiwani na kuvaa Kiswahili ili ionekane. Mlango wa tatu, wa lugha ya kisiwani yenyewe kusikika mbali bila kuvuliwa nguo, haukuwako. Huo ndio uliofunguliwa na mchezo wa Tchia, si katika Ziwa Victoria, bali katika Kaledonia Mpya.

Kaledonia Mpya ilitwaliwa na Ufaransa mwaka 1853, na tangu mwaka 1864 hata 1897 wafungwa walipelekwa huko kutumikia vifungo vyao. Wenyeji wake, Wakanaki, wana lugha 28, zote za ukoo wa Kiaustronesia, ukoo ule ule wenye Kimalagasi. Hapa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana jambo la kukumbuka. Wachunguzi wa vyombo vya baharini wamekubali kwa muda mrefu kwamba ngalawa, pamoja na mirengu yake ya pande mbili, ina asili yake kwa watu wa Kiaustronesia waliovuka Bahari ya Hindi. Mvuvi wa Bagamoyo na mvuvi wa Lifou wameshikana mikono katika chombo, ijapokuwa hawajashikana katika maneno. Ziwa Victoria halikupata mirengu hiyo. Huko mtumbwi wa gogo na mtumbwi wa mbao zilizoshonwa ndiyo iliyotawala maji.

Lugha za Wakanaki ziliondolewa shuleni kwa amri ya serikali ya Kifaransa ya mwaka 1863, na mtoto aliyezisema darasani aliadhibiwa. Misheni za Kiprotestanti katika visiwa vya Loyalty zilikwenda njia yao: zilichapa maandiko kwa Kidrehu, lugha ya kisiwa cha Lifou, na labda ndiyo sababu moja ya lugha hiyo kusimama imara kuliko nyingine. Mkataba wa Nouméa wa mwaka 1998 ulizitambua lugha za Kikanaki kuwa lugha za mafundisho na utamaduni pamoja na Kifaransa, na mwaka 2007 ikaanzishwa akademia yake. Kura tatu za uhuru zilipigwa mwaka 2018, 2020 na 2021, na zote zilikuwa na matokeo ya kubaki na Ufaransa, ya mwisho ikiwa imesusiwa na wengi wa Wakanaki. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kukazuka ghasia zilizoua watu. Katikati ya mambo hayo mazito ndipo ulipotokea mchezo.

Waliouanzisha ni Phil Crifo na Thierry Boura, marafiki waliokulia Kaledonia Mpya, na studio yao huitwa Awaceb. Mchezo wao wa kwanza, Fossil Echo, wa mwaka 2016, haukuwa na habari za nyumbani kwao. Wa pili ukawa wa nyumbani mtupu. Tchia ni binti anayesafiri visiwani kumtafuta baba yake aliyetekwa na Meavora, mtawala mkatili. Mchezo huu ni wa aina iitwayo ya ulimwengu wazi, maana yake mchezaji hashurutishwi kufuata njia moja: aweza kupanda mti, kuogelea, kutweka tanga, kukaa kando ya moto, au kuacha kabisa shauri la baba na kwenda kutazama kilichoko nyuma ya kilima. Tchia ana uwezo wa kuhamisha roho yake katika wanyama zaidi ya 30 na katika vitu vingi visivyo na uhai, akaruka kama ndege au akabingirika kama jiwe. Ana ukulele wake, ambao mchezaji aweza kuupiga kwelikweli, sauti kwa sauti. Tena ramani haimwonyeshi mchezaji mahali hasa alipo. Humpa eneo tu, naye sharti atazame vilima na ufuo kama atazamavyo mwana wa maji. Kitu hiki kidogo kinasema mengi juu ya kisiwa kuliko maelezo marefu. Mtu wa Kome hana mstari mwekundu wa kumwonyesha njia ya Maisome.

Visiwa viwili vikubwa vya mchezo huo havipo duniani. Vimeitwa Ija Nöj na Madra Nöj, na nöj katika Kidrehu ni nchi. Lililo kubwa ni kwamba watu wa mchezo husema. Husema Kidrehu na Kifaransa, kwa vinywa vya watu wa Kaledonia Mpya, na mchezaji wa London au wa Tokyo hupewa maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mpangilio wa kawaida umegeuzwa. Kwa desturi lugha ndogo ndiyo iliyopaswa kuvaa nguo ya lugha kubwa, kama Kikerewe kilivyovaa Kiswahili. Hapa lugha ya watu wasiofikia hata idadi ya mji mmoja wa wastani wa Tanzania imekaa kitini, nazo lugha kubwa zimesimama pembeni zikifasiri. Mchezo huo ulipewa tuzo ya michezo yenye athari njema katika jamii katika The Game Awards za mwaka 2023, na mwaka 2024 ukapata tuzo ya BAFTA ya mchezo upitao burudani.

Yaweza kusemwa kwamba huo ni utamaduni wa kuonyeshwa watalii, kwani Kidrehu kimekuwa mapambo ya sauti kwa wasiokielewa. Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Ni kweli mchezaji wa mbali hajifunzi lugha. Lakini mapambo huchaguliwa na mwenye nyumba kwa ajili ya mgeni. Katika Tchia mzaha, wimbo na maneno ya nyumbani yapo, na anayefaidi kwanza ni mtoto wa Lifou anayesikia mashine ya Kijapani ikisema kama bibi yake. Neno la Kiswahili mchezo latosha kuliona jambo hili vizuri kuliko neno la Kiingereza. Kwa Mswahili mchezo ni wa mpira, ni wa bao, na ni wa kuigiza jukwaani. Na Tchia ni tamthilia kama ilivyo mbio na mashindano. Mtu haulizi kama tamthilia ina haki ya kuwa na lugha yake.

Mwaka mmoja baadaye likaja zamu la Kiswahili. Abubakar Salim ni mwigizaji Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Kenya, na sauti yake ilijulikana sana kwa wachezaji tangu mwaka 2017 alipomwigiza Bayek katika Assassin's Creed Origins. Alianzisha studio ya Surgent, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 Electronic Arts wakautoa mchezo wake wa kwanza. Chanzo chake ni msiba: Salim alifiwa na baba yake, akatunga hadithi ya kijana aitwaye Zuberi, wa mji wa Amani, ambaye amefiwa vilevile, naye anapewa kitabu kilichoandikwa na marehemu baba yake. Ndani ya kitabu hicho mna Zau, mganga kijana, anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Naye apewa kazi ya kuwaleta pepo watatu wakubwa. Mchezo huo nao ulipata tuzo ile ile ya BAFTA mwaka 2025, mwaka uliofuata ule wa Tchia.

Mchezaji aweza kuchagua sauti za Kiswahili, na tukio hilo lastahili kuandikwa katika historia ya lugha. Wafanya biashara wakubwa wa michezo walikuwa wamekinyima Kiswahili nafasi ya kusikika, ilhali lugha zenye wasemaji wachache mno kuliko hicho zimekuwa na sauti zake kwa miaka mingi. Aliyewafungulia mlango ni mwana wa Waafrika Mashariki aliyezaliwa Uingereza, wala si serikali wala chuo.

Hata hivyo mchunguzi wa lugha hawezi kusimama hapo. Mchezo ulitungwa kwa Kiingereza na kupewa Kiswahili. Kiswahili ni sauti ya pili, kama katika Kisiwa chenye Hazina. Tena yatazamwe majina ya pepo watatu. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu kamwe. Kikiyaon hutoka masimulizi ya Senegambia, Afrika ya Magharibi. Jina la Kalunga lenyewe limekita mizizi zaidi katika lugha za Angola na Kongo. Mchezo ulitangazwa kuwa umetokana na masimulizi ya Wabantu, na hapa yafaa kukumbusha kwamba Bantu si kabila, wala si taifa. Ni jina ambalo Wilhelm Bleek alilieneza katika sarufi yake ya mwaka 1862 ili kutaja ukoo wa lugha. Neno la mtaalamu wa sarufi limegeuka kuwa nchi ya kufikirika yenye milima na mito. Jambo hili halina ubaya wa kutosha kulizuia, maana Waswahili wenyewe hawakuona haya kuwachukua majini wa Arabuni na wafalme wa Uajemi wakawafanya wa nyumbani. Lakini ni tofauti na lile la Awaceb. Salim alitunga Afrika ya mtu aliyeko mbali nayo na anayeipenda, naye akaikusanya kutoka kila upande. Crifo na Boura walisimama mahali pamoja.

Hapa pana kinyume cha kushangaza. Lugha ya visiwa vichache ilipata kuwa lugha ya asili ya mchezo, na lugha inayosemwa na mamilioni kutoka Lamu hata Kisangani ilipata kuwa chaguo katika orodha ya sauti. Sababu yake si wingi wa wasemaji. Sababu ni nani aliyekuwa mezani wakati hadithi ilipokuwa ikitungwa, na alikuwa akifikiri kwa lugha gani. Wala mafanikio si ya kudumu yenyewe: katika mwaka ule ule wa 2024 studio ya Surgent ililazimika kupunguza wafanyakazi wake wa michezo.

Kurudi Sengerema ni kurudi mahali ambapo vyombo vyenyewe si vigeni. Mji huo ulipata kituo cha mawasiliano cha jamii, pamoja na redio yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo wilaya nyingi za Tanzania hazikuwa na hata kompyuta moja ya watu wote. Mwezi wa Juni mwaka 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na safari ya kivuko iliyokuwa ikichukua saa nzima pamoja na kungoja imekuwa ya dakika chache. Katika miji ya nchi nzima vijana hulipa fedha kidogo katika vibanda vya gemu, na wengi wao hucheza mpira wa vilabu vya Ulaya wakisikia mtangazaji wa Kiingereza. Chombo kipo, njia ipo, wachezaji wapo.

Lililobaki nyuma ni maneno. Lugha za matangazo nchini ni Kiswahili na Kiingereza, na Kizinza hakina mahali pa hadhara isipokuwa kinywani. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, umetoa misamiati ya lugha kadhaa, Kikerewe kikiwamo, na atlasi ya mwaka 2009. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini msamiati huorodhesha jina la upepo bila kuutia upepo katika tanga. Kikivukwa kivuko kwa daraja, maneno ya kivuko hupungua. Nyavu za nailoni zilipoingia, majina ya nyuzi za kienyeji yalibaki kwa wazee. Mchezo wa visiwani ungehitaji majina hayo yote kwa kazi, kwa maana mchezaji asingeweza kutweka, kutia nanga wala kukwepa kiboko bila mtu kumwambia kwa neno lake. Katika Tchia Kidrehu kililazimika kujibu haja hizo, kikazijibu.

Kitereza alizijibu pia, kwa wino. Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe naye, alipotoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho mwaka 2002, hakuifasiri kutoka Kiswahili cha mwaka 1980. Aliirudia Kikerewe ya mwaka 1945. Hivyo msomaji wa Kiingereza leo ana tafsiri moja tu kati yake na kurasa za mtungaji, sawa na msomaji wa Kiswahili, na msomaji wa Kikerewe, ambaye kwa ajili yake kitabu kiliandikwa, hakuuziwa chapa ya lugha yake dukani Nansio.